Mgeni “has been to hospital”: yumo wodini au ameshatoka?

MpandaMlima (Moshi)

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wanaokijua Kiingereza kwa undani, hasa walimu na ndugu mnaoishi Uingereza.

Mimi napandisha wageni Kilimanjaro, mara nyingi njia ya Machame. Kiingereza cha kazi ninacho, naelewana na wageni kuanzia getini hadi kileleni. Kinachonitatiza ni vile vineno vidogo vinavyofuata “have been” na “have gone”: to, in, on, up, since, for. Wiki hii vimeleta jambo zito.

Mzee mmoja Mwingereza alizidiwa na mwinuko tukiwa kambi ya Barafu. Alianza kuyumba na kusema maneno yasiyoshikamana. Hatukungoja kuche, tukamshusha kwa machela ya gurudumu moja mpaka Mweka, gari likampeleka hospitali mjini, akalazwa. Asubuhi ofisi ikamwandikia binti yake kule kwao: “Your father has been to hospital in Moshi. He is stable.” Binti akajibu kwa furaha, “So glad he's out!”, na akauliza baba yake kafikia hoteli gani ili ampigie. Wakati huo mzee yuko kitandani na mpira wa oksijeni puani. Ikabidi binti apigiwe simu aelezwe upya. Nilikuwepo simu ilipopigwa. Mtu ameshashusha pumzi, halafu unamrudisha kwenye hofu ileile. Sikupenda nilichokisikia.

Aliyeandika ujumbe anashikilia kwamba “amekwenda hospitali” ndiyo hiyo “has been to hospital” na kwamba sentensi haina kosa. Msaidizi wangu anasema ilipaswa kuwa “has gone to”. Wageni nawasikia wakitumia zote mbili, na nyingine nyingi. Hizi nimeziandika kwenye daftari langu:

“Have you been on safari before?”
“We've been in Moshi since Tuesday.”
“She's gone for a walk.”
“We've been up since eleven.”

Hiyo ya mwisho niliisikia Stella Point alfajiri, mgeni akimwambia mwenzake. Nikabaki najiuliza, kafika juu saa tano ya usiku kwa njia gani, na kilele bado kiko mbele yetu?

Je, kuna kanuni inayoshika haya yote, au ni kukariri moja moja? Natanguliza shukrani.


MwalimuWaPangani

Mwanangu MpandaMlima, poleni kwa kuuguliwa na mgeni, na Mungu awalipe kwa kumshusha usiku uleule. Nimefundisha Kiingereza sekondari mkoani Tanga mpaka nikastaafu, na jambo unaloliuliza ndilo lililonikosesha raha kuliko yote darasani. Vitabu tulivyopewa viliweka hali timilifu, yaani hizo “have been” na “have gone”, sura yake, na vihusishi, yaani hivyo vineno vidogo vya to, in, on, sura yake, mbali kabisa. Mwanafunzi anafaulu mitihani yote miwili na bado hawezi kumwambia mtu baba yake yuko wapi.

Nianze na mwenzako wa ofisini. Anasema kweli: sentensi yake haina kosa la sarufi. Ni Kiingereza safi kinachoeleza habari nyingine. “He has been to hospital” ni habari ya mtu aliyekwenda na akaondoka. Binti alisoma vizuri, akaelewa vizuri, akafurahi kwa haki yake. “He has gone to hospital” ni mtu aliyekwenda na hajarudi, yuko huko au yuko njiani. Kwa hiyo msaidizi wako alikuwa karibu zaidi na ukweli, ingawa kwa mtu aliyebebwa kwa machela “has gone” haielezi kwamba alipelekwa. Tungesema “has been taken to hospital”, na baada ya kupewa kitanda, “has been admitted to hospital”.

Angalia hapo: “been to” na “been taken to” zinaachana kwa neno moja tu, na katikati ya hizo mbili kuna mtu mzima aliyetoka wodini na mwingine aliyemo.

Sasa kwa nini jambo hili linatusumbua sisi? Chukua Kiswahili chetu. Tunasema amekwenda hospitalini, yumo hospitalini, amelazwa hospitalini, ametoka hospitalini. Tazama neno “hospitalini” lilivyotulia. Halibadiliki hata kidogo. Ile -ni haijali kama mtu anaingia, amekaa au anatoka, kwa sababu kazi hiyo yote imefanywa na kitenzi. Kitenzi chetu kina nguvu, kimebeba mwelekeo ndani yake. “Been” ya Kiingereza haina nguvu hiyo. Ni “kuwa” tu, karibu tupu. Kwa hiyo mzigo wote unahamia kwenye kile kineno kinachofuata, na sisi tumezoea kukiona kama pambo. Mswahili anasoma “has been”, anaona kitenzi kimekwisha, anaweka kihusishi chochote kilicho karibu. Mwingereza anasubiri kihusishi ndipo ajue mgonjwa yuko wapi.

Hiyo “to” baada ya “been” ni ya pekee. Huwezi kusema “I am to Zanzibar” wala “I was to Zanzibar” kwa maana hiyo. Inakubaliwa tu pale “been” inapokuwa na have, has au had mbele yake. Hapo “been” inaazima maana ya kwenda na kurudi, nayo “to” ndiyo alama ya mkopo huo. Ukiiondoa “to” ukaweka “in” au “at”, mkopo umerudishwa na “been” imekuwa “kuwa” ya kawaida: alikuwa ndani, labda bado yumo.

Nasema labda kwa sababu “He's been in hospital” peke yake inaweza kuwa ya mtu aliyekwisha kutoka. Jirani hakuonekana mwezi mzima, leo kaja sokoni, mtu anaeleza: “He's been in hospital.” Kinachofunga maana ni muda unaofuata. “He's been in hospital since Sunday”, huyo yumo bado. Kwa ujumbe wa ofisi kwenda kwa ndugu wa mgonjwa, msiandike kamwe “been in” bila muda wake.

Na kuna moja inayonitia hofu kuliko hiyo iliyowapata. Mtu akiuliza habari za mgonjwa, ukajibu “He's gone” ukanyamaza, umemwambia amefariki. “He's gone to hospital” ni habari ya matibabu. “He's gone” bila kitu mbele yake, mbele ya binti wa mgonjwa, ni msiba. Hapo kihusishi na jina la mahali ni vya lazima hata kama mnazungumza haraka redioni.

Sisi njia yetu ya asili ya kusema “been to” ni kutumia kutoka. Nimetoka sokoni. Ametoka Arusha. Ndiyo maana nchini kwetu, na kwa majirani pia, utasikia watu wanasema “I am from the hospital”, wakimaanisha nimetoka hospitali sasa hivi. Mwingereza anasikia asili yako, kama kwamba hospitali ndiyo iliyokutuma au ndiko unakofanya kazi. Yeye angesema “I've just been to the hospital.” Ukiona kichwani Kiswahili chako kinasema “nimetoka mahali fulani” na hukusudii kwenu ulikozaliwa, jua unachotafuta ni “been to”.

Daftari lako lina mali. “Been on safari”: safari ni shughuli unayokuwa juu yake, kama “on holiday”, “on duty”, “on a trip”, kwa hiyo “on” inabaki ileile mtu akiwa bado safarini au amerudi. Kuuliza “Have you been to a safari?” kunaifanya safari kuwa jengo. “Gone for a walk”: ametoka kutembea, hajarudi; akirudi anasema “I've been for a walk.” Umeona? “Gone” na “been” zinagawana kazi ileile ya hajarudi na amerudi hata mahali ambapo “to” haipo.

“We've been up since eleven” haihusu mlima kabisa. “Up” hapa ni kuwa macho. Usiku wa kilele mnawaamsha saa ngapi? Kama ni saa tano za usiku, basi alikuwa anamwambia mwenzake hawajalala tangu saa hizo. Lakini akisema “I've been up Kilimanjaro”, jina la mlima limefuata, hapo ameupanda na kushuka. Jina likiwapo, “up” ni ya mlima. “Since” ikifuata moja kwa moja, “up” ni ya usingizi.

Kukariri kupo, sitakudanganya. Ila kabla ya kukariri jiulize swali moja, sasa hivi yuko wapi? Jibu hilo ndilo linalochagua kati ya “been to”, “gone to” na “been in”.


MpandaMlima

Shikamoo Mwalimu. Nimesoma hadi mwisho, na ujumbe wako nimempelekea mwenzangu wa ofisini. Kweli, wageni tunawaamsha kati ya saa tano na saa sita usiku, kwa hiyo “up since eleven” imeeleweka kabisa.

Naomba uniruhusu niongeze swali. Usiku ule redioni kulikuwa na daktari mgeni kwenye kundi jingine, akawa anatuuliza hali kwa Kiingereza. Msaidizi alitaka kusema mzee amelala tangu saa tatu. Akasema “He has slept since nine.” Daktari akauliza mara ya pili na ya tatu, kama vile hajaelewa. Kosa lilikuwa kwenye “since”?


MwalimuWaPangani

Marahaba mwanangu. “Since” haina kosa. Kosa liko kwenye -me-, na hili ni kubwa, nivumilie.

Ile -me- yetu ina kazi mbili. Tukisema amekula, amefunga mlango, amevunja kikombe, tendo limekwisha, na hapo “has eaten”, “has closed”, “has broken” zinakaa vizuri. Lakini tukisema amelala, amekaa, amesimama, amevaa, amechoka, amezimia, hatusemi tendo limekwisha. Tunasema hali aliyomo mtu sasa. Mtoto amelala, yaani yuko usingizini. Askari amesimama mlangoni, yaani yuko wima pale. Kiingereza hakitumii hali timilifu kwa hayo. Kinasema “is asleep”, “is sitting”, “is standing”, “is wearing”, “is tired”, “is unconscious”.

“He has slept” kwa Mwingereza ni mtu aliyepata usingizi wake na ameshaamka. Fikiria daktari anasikia hivyo kuhusu mgonjwa wa mwinuko: anaona nafuu, mzee kapumzika. Na kumbe mlichotaka kumwambia ni kwamba mzee yuko usingizini na haamki vizuri, jambo ambalo mlimani ni la kutisha. Akasikia tena “since nine”, inayosema hali inaendelea. Sentensi ikamvuta pande mbili, ndiyo maana akauliza tena na tena.

Njia yake ni hii: ipate kwanza hali ya sasa, halafu irudishe nyuma hadi ilipoanza. Hali ya sasa, “He is asleep.” Irudishe nyuma: “He has been asleep since nine.” Amezimia dakika kumi: “He is unconscious”, kisha “He has been unconscious for ten minutes.” Usiseme “has fainted for ten minutes”, kwa sababu kuzimia, kama tendo, ni mara moja, halina urefu wa kupimwa. Vivyo hivyo na kifo. “My grandfather has died for three years” nimeisahihisha mpaka wino ukaisha. Kufa ni mara moja, kwa hiyo “He died three years ago”, au ukitaka hali, “He has been dead for three years.” Na ndoa: “She has married for ten years” hapana, “She has been married for ten years” ndiyo. Mume akitajwa, kihusishi ni “to”. Sisi tunasema ameolewa na fulani, ile “na” inatusukuma kwenye “married with”. Waandikie wanao wa kambini: “married to”.

“Since” inataka mahali muda ulipoanzia, saa, siku, mwaka, au tukio: since nine, since Sunday, since 2015, since we left Barafu. “For” inataka urefu: for ten minutes, for years. Tunaposema “tangu miaka mitano”, nasi huwa tunasema, ndipo “since five years” inapozaliwa. Na “ago” haikai pamoja na have hata siku moja. Ukitaja “two days ago” umeshika tukio lililopita na kufungwa: “He was admitted two days ago.” Ukisema “has been admitted two days ago” umefunga mlango na kuuacha wazi kwa pamoja.

Pia usiseme “I am here since Tuesday”. Najua inavutia, kwa sababu sisi tunasema niko hapa tangu Jumanne, wakati uliopo, na ni Kiswahili sahihi kabisa. Kiingereza kinadai “I have been here since Tuesday.” Kila ukitaka kutamka “since” ya muda unaofika mpaka leo, have itangulie.


MapokeziNyali

Asalaam aleikum nyote. Shikamoo Mwalimu. Mimi niko Mombasa, mapokezi ya hoteli, na nimefurahi kuona Watanzania mnalijadili hili kwa uzito wake, kwa sababu huku kwetu tunadhani Kiingereza tumekimaliza shuleni.

Naongeza mbili ambazo naziona kila siku kaunta. Ya kwanza ni “until”. Sisi tunasema mpaka sasa dereva hajafika. Kijana anamwambia mgeni, “Your driver has not arrived until now.” Mgeni anachukua mabegi anaelekea mlangoni! Kwa sikio lake, hakuwa amefika, na sasa ndiyo amefika. Nimemwona mama mmoja kasimama juani na wanawe kwa sababu ya sentensi hiyo. Semeni “He hasn't arrived yet.” “So far” na “up to now” hazina madhara hayo, ila “yet” ndiyo fupi na salama.

Ya pili ni ndugu yake. Mgeni anauliza chumba kitakuwa tayari saa ngapi, anajibiwa “We will have cleaned it until two.” Sisi mpaka yetu ni moja: mpaka saa nane tutakuwa tumemaliza, na mpaka saa nane tutakuwa tunafanya usafi. Kiingereza kimezitenga. “Until two” ni kazi inayoendelea kufika saa nane. “By two” ni kazi iliyokwisha ifikapo saa nane au kabla. Kwa hiyo ukishaanza na “will have”, kihusishi ni “by”.

Na jamani, “reached at”. Tumefika getini, “we have reached at the gate”. Reach haitaki kitu: “reached the gate”. Arrive ndiyo inataka, na ni “at the gate” lakini “in Mombasa”. “Arrived to” haipo.


MuuguziLeeds

Shikamoo Mwalimu, na pole kaka MpandaMlima. Mimi ni muuguzi, nafanya kazi wodini hapa Leeds. Nataka niseme kidogo kwa sababu kitu ambacho hakuna aliyenifundisha kabla ya kuja ni kwamba wagonjwa wenyewe huongea karibu kila kitu kwa been, come na gone pamoja na vineno hivi. Mtu mwenye cheti kizuri cha Kiingereza anaweza kusimama pembeni ya kitanda asielewe.

“I've been off my food since Monday”: hana hamu ya kula tangu Jumatatu. “I've gone off tea”: chai ameacha kuipenda. Lakini “The milk's gone off” ni maziwa yameharibika. “I've been on these tablets for years”: anazitumia bado. “I've come off them”: ameziacha. Hapo “on” na “off” zinaamua kama dawa imo mwilini au haimo, na ukikosea kuandika kwenye faili unaweza kumdhuru mtu. “It's been on and off for weeks”: maumivu yanakuja na kuondoka. “I've come out in a rash”: ametoka vipele. “I've been under the same consultant since the operation”: daktari bingwa anayemwangalia ni yuleyule. “I've been up all night” mnaijua tayari.

Kuna nyingine mbili ambazo kihusishi hakipo kabisa. “Has the doctor been?” maana yake daktari ameshapita na kuondoka? Hapa hata “to” imedondoka, kwa kuwa mahali panajulikana, ni hapahapa. Na muuguzi akimuuliza mgonjwa “Have you been today?”, anauliza kama amepata choo leo. Mgonjwa asiyejua anajibu “Been where?”, na mwingine mzee anaona haya kuuliza tena.

Mwalimu amesema kweli kuhusu “He's gone”. Hapa ndiyo namna ya upole ya kutaja kifo, ndugu husemezana hivyo kando ya kitanda. Kwa hiyo mgonjwa akihamishiwa wodi nyingine, tunajifunza kutaja mahali mara moja, “He's gone to theatre”, yaani chumba cha upasuaji, “He's gone down to X-ray”, tusiache pengo hata kidogo baada ya gone.

Kaka, na wageni wako Wamarekani utasikia tofauti kidogo. Wao husema “in the hospital”, Waingereza “in hospital”. Mmarekani mara nyingi huacha have: “I already ate”, “Did you eat yet?”, pale ambapo Mwingereza husema “I've already eaten”. Na kwenye ukanushi Mmarekani hupenda “in”: “I haven't seen him in years.” Waingereza siku hizi nao huitumia, pamoja na “for years”. Usishangae “in”, hapo ina kazi ya “for”. Ila kwenye sentensi isiyo na ukanushi kwa kawaida haifanyi hivyo. “I have lived here in ten years” haipo kokote.


MpandaMlima

Nashukuru sana Mwalimu, ndugu wa Mombasa, na dada wa Leeds. Mzee ameruhusiwa leo, binti yake yuko njiani kuja. Ofisi imekubali tuwe na ujumbe ulioandaliwa mapema wa kutuma kwa ndugu mgeni akiugua. Nimeuandika hivi, naomba mniangalizie kabla haujaanza kutumika:

“Your father became ill on the mountain on Sunday night. He has been brought down and has been admitted in hospital in Moshi. He has been on oxygen since he arrived. He is awake and talking. The doctors will have examined him until noon and we will call you then. Our guide has stayed with him since Sunday.”


MwalimuWaPangani

Alhamdulillahi kwa mzee.

Umeandika vizuri mwanangu. “On the mountain”, “on oxygen since he arrived”, zote zimekaa mahali pake. Badilisha tatu. “Admitted in hospital” iwe “admitted to hospital”. Nasi tunasema amelazwa hospitalini, ndiyo maana “in” ilikujia. “Until noon” iwe “by noon”, kama alivyoeleza ndugu yetu wa Mapokezi. Na mwisho, “has stayed with him since Sunday” si kosa, lakini “has been with him since Sunday” ndiyo anayoisema mtu wa kwao, na kwa binti aliye mbali ndiyo itakayomwambia baba yake hakuachwa peke yake.

Ongeza sentensi moja baada ya “admitted to hospital in Moshi”: “He is still there.” Sarufi haiidai, maana “admitted to” inatosha. Lakini msomaji wako atakuwa anasoma usiku, mikono ikimtetemeka, na hapaswi kulazimika kupima kihusishi ili ajue baba yake yuko wapi.